Mguu kwanza, shingo baadaye: jibu kwa fundi cherehani aliyeuliza kuhusu masaji

Swali:

"Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Morogoro. Tangu mwaka jana nina maumivu ya shingo na bega la kulia, yanapanda mpaka kisogoni, hasa msimu wa sare za shule ninapokaa kwenye cherehani kutwa. Nilipigwa eksirei nikaambiwa pingili za shingo zimeanza kusagika. Rafiki yangu akanipeleka sehemu ya masaji, nikaambiwa ya kawaida hainifai, nahitaji ile inayoingia ndani. Nililia saa nzima. Kesho yake nilikuwa na mabaka meusi mgongoni na mwili unauma kama nina malaria. Mhudumu akasema ni sumu zinatoka, ninywe maji mengi na nirudi mara kumi, shilingi 40,000 kila mara. Mama yangu anasema pesa hizo niziache, atanichua yeye kwa mafuta ya nazi na karafuu kama alivyokuwa akimchua bibi. Mume wangu naye anasema kinyozi wake anajua kuivunja shingo ikalia na maumivu yakaisha. Naomba unieleze aina za masaji, ipi ni tiba ya kweli na ipi ni starehe tu. Natumia dawa ya presha, amlodipini. Na jambo jingine dogo: wiki iliyopita nilirudi kwa basi kutoka msibani Bukoba, tangu hapo kigimbi cha kushoto kimevimba na kinauma. Mama ananikanda kwa maji ya moto kila jioni, kinatulia kidogo kisha kinarudi."

Jibu:

Dada yangu, lile uliloliita jambo dogo na kuliacha mwisho ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Ndiyo maana sikusubiri jibu hili refu likamilike. Nilikutumia kwanza ujumbe mfupi kwamba kigimbi hicho kisikandwe wala kuchuliwa tena, na uende hospitali siku ileile. Nitaanza na hilo hapa pia, kwa sababu wapo wasomaji wengine ambao leo jioni wana ndugu amejilaza mkekani, mguu mmoja umevimba, na anayempenda anauchua kwa nguvu zake zote.

Damu ya miguuni husukumwa kurudi moyoni na misuli ya vigimbi inapojikaza na kulegea tunapotembea. Mtu akikaa kwenye kiti cha basi usiku na mchana, magoti yamekunjwa, misuli hiyo hulala na damu hutuama katika mishipa ya ndani ya mguu. Wakati mwingine huganda humo. Dalili ni zile ulizozitaja: mguu mmoja tu umevimba, kigimbi kinauma, pengine kina joto au ngozi imebadilika rangi. Bonge hilo likiwa limetulia mahali pake linatibika kwa vidonge au sindano. Likikatika likasafiri na damu hadi kwenye mapafu, linaweza kuua. Mkono unaokanda na kusukuma kigimbi kuelekea juu unaweza kulikata. Madaktari wamekwisha kuandika habari za wagonjwa waliopatwa na hilo baada ya mguu kuchuliwa.

Inawezekana kabisa isiwe hivyo kwako. Msuli wa kigimbi huweza kuchanika kidogo, na dawa yako ya amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha miguu. Lakini uvimbe wa amlodipini kwa kawaida hukaa kwenye vifundo vya miguu yote miwili na hauumi. Wako uko upande mmoja na umeanza baada ya safari. Kwa macho na vidole hakuna anayeweza kukuhakikishia, hata mimi. Kinachohitajika ni altrasaundi ya mishipa ya mguu, kipimo kisicho na maumivu wala kisichochukua muda mrefu. Ikionekana damu imeganda, utapewa dawa za kuizuia isiendelee kuganda, mara nyingi kwa muda usiopungua miezi mitatu, na katika muda huo masaji ya nguvu popote mwilini ni marufuku kwako, maana utavuja damu chini ya ngozi kirahisi. Pumzi zikikubana ghafla, kifua kikikuchoma unapovuta hewa, au ukakohoa damu, usingoje kupambazuke.

Sasa tuje kwenye shingo.

Naona katika swali lako mambo mawili yamefungamana. Moja ni maumivu yenyewe. La pili, ambalo hukulisema wazi, ni kwamba umeaminishwa kuna kitu kibaya ndani yako: pingili zinasagika, sumu zimejaa, na kuviondoa kunahitaji mtu mwenye nguvu na wewe uwe na pesa. Nianze na hili la pili, kwa sababu hofu yenyewe huikaza shingo.

Kuhusu pingili, mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya picha za MRI, zile zinazopigwa kwa sumaku, za shingo za watu 1,211 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa na diski zilizobenuka, na hali hiyo ilionekana hata kwa vijana wengi wa miaka ya ishirini. Yaani shingo hubadilika na umri kama nywele zinavyobadilika, na wengi wetu hatujui chochote. Eksirei yako haikudanganya, ila haikukwambia kwa nini unaumia. Mtu anayekaa amekunja shingo juu ya sindano ya cherehani kutwa nzima, bega la kulia likiongoza kitambaa, ana sababu ya kutosha ya kuumia hata pingili zake zikiwa mpya.

Kuhusu sumu, hakuna iliyotoka. Mabaka meusi uliyoamka nayo ni damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyopasuka chini ya ngozi, na yale maumivu ya mwili mzima ni ya misuli iliyoumizwa. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, nazo huifanya bila mgongo kuminywa. Wengine husema kinachotolewa ni asidi ya laktiki, ile inayojitengeneza misuli inapofanya kazi ngumu. Hiyo mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kueleza maumivu ya tangu mwaka jana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja kwa vijana 11 waliotoka kwenye mazoezi makali, paja moja likiwa limechuliwa na jingine limeachwa. Kwenye paja lililochuliwa, ishara za uvimbe wa ndani wa msuli zilipungua. Laktiki ilikuwa ileile. Kwa hiyo kuchua kunafanya kitu halisi, ila si kile unachoambiwa.

Mhudumu alikwambia unywe maji, sawa, lakini hakukwambia lililo muhimu zaidi. Msuli ukisagwa kupita kiasi humwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huziumiza figo. Hutokea kwa nadra. Hata hivyo mtu yeyote akiona mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea siku moja au mbili baada ya masaji ya nguvu, aende hospitali. Wewe mwenye presha una sababu ya ziada ya kuzitunza figo zako.

Kuna imani nyingine ninayokutana nayo karibu kila siku kazini, kwamba masaji isiyouma haijafanya kitu. Wagonjwa wengine hunisihi kabisa: niminye, usinionee huruma. Imani hiyo imepimwa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, kwa watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilipata masaji ya kutuliza, ile ya Kiswidi, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi. La pili lilipata masaji iliyolenga misuli na viungo vilivyodhaniwa kuwa chanzo cha maumivu. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Makundi yote mawili ya masaji yalipata nafuu kuliko la tatu, na baina yake hapakuwa na tofauti ya maana. Nafuu hiyo ilidumu miezi kadhaa, kisha ikafifia.

Ndiyo maana siwezi kukugawia masaji katika mafungu mawili, ya tiba huku na ya starehe kule. Ile uliyoambiwa haikufai ndiyo iliyosimama sawa na ya kitaalamu.

Kwa nini ya polepole ifanye kazi hivyo? Kwa sababu mkono haurudishi mifupa mahali pake, wala haukandui mafundo. Yale magumu unayoyasikia begani kwa sehemu kubwa ni msuli ulioamriwa ubaki umekaza, na utando unaoifunika misuli ni imara kiasi kwamba vidole haviwezi kuunyoosha kwa dakika chache. Kinachobadilika ndani ya saa moja ni mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za maumivu hazipiti moja kwa moja kutoka mwilini hadi ubongoni. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali zinapochujwa, na habari za kuguswa na kubonyezwa zikifika hapo kwa wingi, zile za maumivu hukosa nafasi. Ukijigonga kiwiko, mkono wa pili hukimbilia kupasugua hata kabla hujafikiri. Baadaye ikajulikana pia kwamba ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na ndizo hufikisha ubongoni hisia ya utulivu. Mkono unaokwenda mbio huzipita. Mtu akichuliwa vizuri mapigo ya moyo hushuka, pumzi hurefuka, misuli hupewa ruhusa ya kulegea, na wengi husema siku hiyo wamelala vizuri.

Sasa mwili ulioumwa miezi mingi huishi kwa tahadhari. Ukiuminya mpaka mtu alie, unaupa sababu mpya ya kujikaza. Unafuu anaousikia mtu baada ya mateso kama yako mara nyingi ni wa mateso kuisha.

Nisikupambie mambo, ushahidi wenyewe una mipaka. Mwaka 2015 jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, lilipitia majaribio 25 ya masaji kwa maumivu ya mgongo wa chini, likaona nafuu ya muda mfupi, lakini likasema majaribio mengi ni dhaifu na halina imani kubwa na matokeo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, limeiweka masaji miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Mikanda ya kiunoni na tiba ya kuuvuta mgongo limeshauri zisitumike. Kwa shingo, ambayo ndiyo shida yako, Seattle tena walijaribu masaji ya muda na idadi tofauti kwa watu 228 na kuchapisha mwaka 2014. Waliochuliwa dakika 60, mara mbili au tatu kwa wiki, ndio waliopata faida ya wazi. Dakika 30 hazikutosha. Kwa hiyo muda na kurudia ndivyo vyenye uzito. Na hapo ndipo mkono wa mama yako unapoanza kushinda ule wa 40,000, maana mara tatu kwa wiki kwa mwezi ni pesa ambayo fundi cherehani hana.

Uliuliza aina. Masaji ya Kiswidi ni ile ya mafuta na mipapaso mirefu, kukamua na kugongagonga. Mipapaso yake ya msingi ilipangwa na daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger, katika karne ya 19. Ni ya kuanzia kwa karibu kila mtu. Ile ya ndani inafaa mahali padogo palipokaza, mikononi mwa mtu anayebonyeza taratibu na kukuuliza. Haimfai anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, wala mzee mwenye mifupa dhaifu. Ya Kithai hufanywa mkekani, nguo zikiwa mwilini, bila mafuta. Unabonyezwa, unakunjwa na kunyooshwa. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, na kwa mtu mzima wa afya anayejisikia amekakamaa ni nzuri sana. Kwako, yenye kupinda shingo na kukanyaga miguu, hapana, angalau mpaka mguu ueleweke. Shiatsu ya Wajapani ni ya kubonyeza kwa vidole gumba na viganja, nayo pia haivui nguo. Ya mawe ya moto nawakataza watu wa kisukari waliokwisha kupata ganzi miguuni, kwa sababu wataungua bila kujua.

Moja nataka nikae nayo kidogo, ile ya limfu, yaani maji ya mwilini yanayopita nje ya mishipa ya damu. Ilianzishwa na Mdenishi Emil Vodder miaka ya 1930, na ni laini kiasi kwamba inayasogeza tu maji yaliyo chini ya ngozi. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, akaondolewa tezi za kwapani, anaweza kubaki na mkono mzito uliovimba maisha yake yote. Huyo anaihitaji, pamoja na bandeji za kubana na mazoezi, kutoka kwa mtu aliyesomea. Nasikitika kuiona ikitangazwa kama njia ya kupunguza tumbo, kwa sababu wanaoihitaji kweli hata hawajui kwamba ipo.

Na kuna ya kwetu. Kuchua kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, karafuu ndani yake, taulo la maji ya moto juu ya kiuno, yote hayo yana akili nyingi kuliko tunavyoyapa sifa. Joto huongeza damu mahali na kulegeza msuli, mafuta huuwezesha mkono uteleze polepole, na anayekuchua ni mtu unayemwamini, jambo ambalo mwili unalijua. Hatari ya kwetu haiko kwenye mafuta. Iko pale tunapochua kila kitu. Mtoto aliyevunjika kiwiko anachuliwa badala ya kupelekwa hospitali, na mfupa unaharibika. Mzee aliyepooza upande mmoja ghafla anachuliwa siku tatu nyumbani wakati kiharusi ni cha kukimbizwa saa ileile. Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji anakandwa tumbo kwa maji yanayofuka, juu ya kidonda, ilhali mji wa mimba hujirudi wenyewe ndani ya wiki sita hivi. Hapo mkono wa upendo unaumiza, na ningependa wakunga na mabibi wetu wasikie haya kutoka kwetu kwa heshima, si kwa kukemewa kliniki.

Kwa hiyo mwambie mama, pamoja na salamu zangu, kwamba shingo akuchue, kwa utaratibu huu, altrasaundi ikishatoka safi. Kaa kwenye kiti ukielekea mezani, weka mto, lazia paji la uso juu yake. Aanze na taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto, alijaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wake, likae mabegani dakika kumi na tano. Mafuta ya karafuu ni makali yakiwa peke yake na huichoma ngozi. Matone mawili au matatu katika vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi yanatosha. Apake kwa viganja vipana kutoka katikati ya mgongo hadi mabegani, polepole, mara nyingi, kabla ya kubonyeza chochote. Kisha ashike nyama ya bega, ile inayopanda shingoni, aikamue na kuiachia. Mwisho, ncha za vidole chini ya kisogo, azitulize hapo wewe ukivuta pumzi. Sehemu ya mbele ya shingo na pembeni panapodunda asiguse kabisa.

Nguvu aipime kwako. Ukiyapa maumivu alama kutoka sifuri hadi kumi, yasivuke nne. Ukijikuta umezuia pumzi au umekunja ngumi, mwambie apunguze. Akichoka baada ya nusu saa mwache apumzike, naye ana mikono ya kuilinda. Mgawane na binti au mume kama inawezekana. Ukimaliza usinyanyuke kwa haraka, kwa sababu presha hushuka kidogo wakati wa kuchuliwa na wewe tayari una dawa ya kuishusha. Unaweza kupata kizunguzungu. Kushuka huko ni kwa muda tu, kwa hiyo amlodipini usiiache hata siku moja. Na kama mnatumia dawa ya kuchua ya dukani yenye kuchoma, msiweke taulo la moto juu yake, maana ngozi huungua.

Mume wako namjibu kwa kifupi: hapana. Shingo ikizungushwa ghafla, ukuta wa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Hatari hiyo si ya kila siku, lakini ule mlio nao hauna tiba ndani yake. Ni gesi kwenye kiungo. Kinyozi akimaliza kunyoa amkande kichwa na mabega, asimzungushe shingo. Hili nalisema kwa mume wako pia, si kwako tu.

Hata kuchuliwa vizuri kutakupa siku chache za unafuu, na siku hizo ndizo za kuufundisha msuli kazi yake. Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya shingo na mabega waligawanywa: wengine walifanya zoezi moja la kuinua mikono kwa mpira wa kuvuta dakika mbili tu kwa siku, wengine dakika kumi na mbili, wengine walipewa ushauri wa afya tu. Baada ya wiki kumi, hata wale wa dakika mbili walikuwa wameimarika na maumivu yao yamepungua. Dakika mbili, dada. Kata tyubu ya baiskeli, kanyaga katikati, shika ncha mbili, inua mikono pembeni taratibu mpaka usawa wa mabega, shusha taratibu. Siku tano kwa wiki. Wiki ya kwanza utasikia uchovu wa msuli. Huo ni wa kawaida na hupita.

Kisha cherehani yenyewe. Inua meza kwa matofali au punguza kimo cha kiti mpaka viwiko vikae usawa wa meza bila mabega kupanda. Leta taa karibu na sindano; mafundi wengi huinama kwa sababu hawaoni, na kama hujapimwa macho tangu ufike arobaini, kapime. Kila sare moja ikiisha, simama, zungusha mabega, chota maji, rudi. Kusimama huko kutausaidia na mguu.

Usitibu shingo hii nyumbani ukiona mojawapo ya haya: mkono una ganzi au umelegea, mkasi unakudondoka, vifungo vimekuwa vigumu kufunga, miguu mizito au mwendo wa kuyumba, au mkojo hauzuiliki, homa, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku na hayabadiliki ukijigeuza, maumivu makali ya kichwa na shingo yaliyoanza ghafla, au maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kubanwa kifua na jasho. La ganzi na udhaifu linahitaji daktari wiki hiyohiyo. La miguu, mkojo, kichwa na kifua ni la siku hiyohiyo.

Yasipokuwepo hayo, na wiki sita za kuchuliwa na tyubu zikapita bila mabadiliko, nenda idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zinayo; kwa Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT, na Moshi hospitali ya KCMC, ambako wataalamu wengi wa fani hii nchini walisomea. Utachunguzwa kwanza, utaulizwa maswali mengi, na pengine hutachuliwa sana. Usione umepunjwa. Muda mwingi utatumika kukufundisha.

Na kama ukitamani tena kwenda sehemu ya masaji, kwa sababu tu unataka saa moja ya kulala chini bila mtu kukuita, nenda bila kuona aibu. Najua miji yetu imeipa kazi hii sifa mbaya na wanawake wengi wanaogopa kusemwa. Chagua mahali ambapo mhudumu anakuuliza magonjwa na dawa zako kabla ya kukugusa, anakufunika khanga au shuka sehemu ambazo hazichuliwi, na anapunguza nguvu mara moja ukimwambia. Mwambie una presha, mwonyeshe mguu. Akisema lolote linachulika, vaa viatu uondoke. Na ukitakiwa kulipia mara kumi kwa mkupuo, lipia moja.